Kura ya Mama kwa Mkono Wangu

Mama alipoteza macho miaka mitatu kabla ya uchaguzi, na mimi nikawa macho yake bila mtu kuniuliza kama nataka. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Mimi ndiye mkubwa, kazi yangu ya udobi naifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mdogo wangu wa kiume, ambaye mtaa mzima unamwita Redio, mchana kutwa yuko kibandani kwake sokoni akitengeneza redio za watu. Basi ikawa mimi ndiye wa kumwambia Mama kwamba gauni hili ni la kijani na lile la bluu, kwamba maziwa yamekatika, kwamba anayebisha hodi ni mtu wa mita ya maji wala si mgeni wa kupikiwa chai. Nikisema jambo, limekwisha.

Mama alifanya kazi posta miaka thelathini na mmoja, chumba cha nyuma wanakopanga barua. Hakuwa na mzaha na barua ya mtu. Hata ikija imechanika kona, aliigundisha bila kuchungulia, akaipeleka ilikoandikiwa. Nikiwa na miaka kama tisa, bahasha ya jirani ililetwa kwetu kwa makosa, nami nikaanza kuichana nione kilichomo. Kofi nililokula siku hiyo sikuwahi kula jingine kutoka kwake, na mpaka leo nikikumbuka shavu linapata moto.

Redio naye ana habari yake. Uchaguzi uliopita alikuwa wakala wa chama cha Birika katika kituo chetu. Kura zilipohesabiwa hakukubaliana na idadi, akakataa kutia sahihi fomu ya matokeo. Vijana wa chama cha Ngazi, ambacho ndicho kinachotawala, walimngoja nje. Alirudi nyumbani shati limelowa damu mpaka kiunoni, na tangu siku ile sikio lake la kushoto halisikii hata radi. La kulia linasikia nusu. Kwa kuwa haisikii vizuri sauti yake mwenyewe, huongea kwa sauti ya mtu wa mnadani akidhani anaongea kama sisi. Akininong'oneza mezani kwamba chumvi imezidi, anayepita barabarani naye anajua nimepika vibaya.

Safari hii kampeni zilipoanza, mimi nilizijulia kwenye beseni. Fulana za Ngazi zina rangi ya damu ya mzee, na rangi yenyewe ya kulipua, inachuja maji matatu. Za Birika ni za kijivu, na watani wao husema ni rangi ya maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Nilizifua mbali mbali, nikazianika mbali mbali, na mteja wa Ngazi akikutana mlangoni kwangu na mteja wa Birika niliwaambia wote wawili nyamazeni, hapa mnanikuta na pasi ya moto.

Ila moyoni nilikuwa nimeshaamua. Mgombea wa Birika alikuwa daktari wa mifugo, na watu wa Ngazi walimwita Mganga wa Ng'ombe. Sikumpenda kwa ahadi zake, maana nusu yazo zilikuwa hewa tupu kama za wenzake. Nilimpenda kwa jambo moja. Mtangazaji alimuuliza swali kuhusu bei ya umeme, naye akajibu, "Hilo silijui. Nitawauliza wanaojua, kisha nitawaambia." Wapinzani wake walicheka wiki nzima. Mimi nilisimamisha pasi. Katika umri wangu wote sikuwahi kumsikia mtu mkubwa akisema hajui, na nikasema huyu ndiye.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na meza ya kupigia pasi, akinikunjia soksi. Hupenda kazi ya soksi kwa sababu vidole vinamtosha.

"Nimeshaamua," akasema. "Nampigia Mheshimiwa. Nampigia yule wa Ngazi."

Nilidhani ananitania. Nilipomtazama usoni nikaona hatanii.

"Mama, hao ndio waliomharibu Redio sikio."

"Najua waliomharibu. Ndiyo sababu."

"Sababu gani hiyo?"

Aliweka soksi chini. "Mara ile waliponea chupuchupu. Mtu aliyeponea chupuchupu anatoka nje kutafuta nani alitaka kumwangusha. Nataka safari hii washinde kwa kura nyingi, washangilie, walewe, wasahau kabisa kwamba kuna kijana ana kibanda cha redio sokoni. Nyinyi mnapiga kura ya kubadilisha nchi. Mimi napiga ya kubakiza nusu ya sikio."

"Na wao wakizoea kupigiwa kura kwa kuogopwa?"

"Wameshazoea, mwanangu. Unaunguza."

Kweli nilikuwa naunguza. Kola ya shati la karani wa benki ilishakuwa na alama ya kahawia, na ilinibidi niende kumwangukia mwenyewe. Nilikasirika siku nzima, na sikujua namkasirikia nani.

Redio hakujua lolote. Jioni moja alimuuliza Mama kwa sauti yake ile, "Mama, sisi nyumba hii wote ni Birika, si ndiyo?"

"Kura ni siri ya mtu," Mama alimjibu.

Redio akacheka, akampiga Mama begani kidogo kama wanavyopigana vijana. "Najua utampigia nani. Utalipigia sikio langu." Alifurahi mno. Nilitazama sahani yangu.

Ilikuja habari ya nani ataingia na Mama kituoni. Sheria inamruhusu asiyeona kuchagua mtu wa kumsaidia kutia alama. Redio alijitolea mara moja, tena alishaanza kupanga wataondoka saa ngapi. Mama akakataa.

"Wewe utatia alama unapotaka wewe," alimwambia. "Dada yako atatia nitakapomwambia."

Redio hakuona ubaya, akaendelea kula. Sikusema ndiyo wala hapana, na Mama akachukua kimya changu kuwa ndiyo.

Siku ya uchaguzi tulifika shuleni asubuhi na mapema. Kituo chetu kilikuwa darasa la pili, madawati yamerundikwa nyuma na ubaoni bado kuna hesabu za kujumlisha. Watu walimpisha Mama kwenye foleni. Mwanamke mmoja aliyevaa miwani, ndiye msimamizi, alinipa fomu ya kiapo. Aliisoma mbio mbio kwa sababu alishawasomea wengine: nitatia alama pale tu atakaponiagiza mpiga kura, na sitamwambia mtu mwingine alichochagua. Nikatia sahihi. Mama alikuwa amenishika mkono, na nilihisi ananikamata kwa nguvu kidogo, kama anayevuka barabara.

Tukaingia nyuma ya kibanda cha kadibodi. Karatasi ilikuwa na picha nne. Wagombea wawili hakuna anayewajua. Mheshimiwa alikuwa juu kabisa, anatabasamu meno yote. Mganga wa Ng'ombe alikuwa wa tatu, tai imekaa upande.

"Umemwona?" Mama alininong'oneza.

"Nimemwona."

"Basi."

Nataka nieleze ilivyokuwa, maana nimejieleza mwenyewe mara nyingi na kila mara najipendelea. Sikuingia pale na nia mbaya. Nilipiga moyo konde nikasema nitaandika anachotaka, kura ni yake, wala yeye si wa kwanza kumpigia Mheshimiwa. Nikapeleka kalamu juu. Halafu yale meno. Nikakumbuka usiku ule nilivyoloweka shati la Redio kwa maji baridi na chumvi, nikalisugua, nikalirudia, na doa la shingoni halikutoka. Mimi ambaye natoa madoa ya watu wote. Mkono ukashuka, nikatia alama kwa Mganga wa Ng'ombe. Nilikandamiza sana mpaka karatasi ikataka kutoboka.

"Tayari?"

"Tayari."

"Nishike kidole, niguse ulipotia."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Kalamu bado ilikuwa mkononi, na msimamizi alikuwa hatua tano tu. Ningesema nimekosea, naomba karatasi nyingine, na wangenipa. Nilikichukua kidole cha Mama, nikakipeleka juu kabisa ya karatasi, nikakiweka usoni mwa Mheshimiwa.

"Hapa," nikasema.

Alikiacha pale kidogo. "Asante, mwanangu. Sasa nimetulia."

Nikamsaidia kukunja, nikamwongoza mpaka kwenye sanduku, na akaitumbukiza mwenyewe. Wakampaka wino kidoleni. Kisha nikapewa karatasi yangu, nikarudi kibandani peke yangu. Nilitia alama kwa Mganga wa Ng'ombe bila hata kufikiri. Njia nzima ya kurudi Mama alikuwa anazungumza, anauliza nani wamo kwenye foleni, nani amenenepa. Sikumbuki niliyomjibu.

Matokeo yalitangazwa siku ya tatu, alasiri. Redio alifunga kibanda mapema akaja kusikiliza nyumbani, sikio la kulia limegusana na spika. Ngazi walishinda, tena walishinda kwa mbali. Nje tulisikia honi na vigelegele vikipita kuelekea mjini, na hakuna aliyesimama kwetu, hakuna aliyerusha hata jiwe. Ilikuwa vile vile kama Mama alivyotaka iwe.

Redio alizima redio. Akasema, "Waliowapigia hawa watu hawana watoto. Mwenye mtoto hawezi."

Nilimwona Mama anavyonyanyua kichwa. Nilitaka kumziba mdomo.

"Mimi niliwapigia," akasema. "Na mtoto ninaye."

Redio alidhani hajasikia vizuri. Akageuza sikio. Mama akarudia, polepole, neno kwa neno, akaeleza na sababu yake, ya kuponea chupuchupu na ya nusu ya sikio. Alieleza vizuri kuliko alivyonieleza mimi. Ila Redio alishasikia alichosikia.

"Walinipiga wakacheka," alisema. "Mmoja alinikanyaga kichwa. Nawe ukaenda kuwashukuru."

"Sikuwashukuru. Nilikuombea kwao."

"Nani alikutuma?"

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ndiye uliyetia alama?"

Niliinamisha kichwa. Nilijiambia kiapo kinanifunga, nimeapa sitamwambia mtu. Ajabu jinsi nilivyokikumbuka kiapo siku ile. Redio alichukua godoro lake dogo na taa yake, akahamia kibandani.

Siku sita hakuja. Nilimpelekea chakula, akakipokea bila kunitazama, akanirudishia bakuli likiwa limeoshwa kama la mtu baki. Mama naye alikunja soksi zile zile, akazikunjua, akazikunja. Alikula vijiko viwili akasema ameshiba. Usiku nilimsikia akijigeuza. Asubuhi aliniuliza kama Redio amepita dirishani, nami nikamwambia hapana, na hilo lilikuwa kweli.

Maji yalinifika shingoni. Tazama mambo yalivyokuwa: Mama anaadhibiwa kwa kura ambayo hakuipiga, na Redio anamnunia mama yake kwa karatasi yenye alama ya Birika. Mtu pekee duniani aliyejua ni mimi, na mimi nilikuwa naendelea kupiga pasi. Siku ya saba niliacha nguo kwenye beseni nikaenda sokoni.

Nilimkuta ameinamia redio iliyofunguliwa, nyaya nje. Nikaenda upande wa sikio la kulia.

"Mama hakuwapigia Ngazi," nikasema.

"Alisema mwenyewe."

"Alisema nitie Ngazi. Mimi nikatia Birika. Nikamwekea kidole kwa Mheshimiwa, akaamini."

Aliniangalia mpaka nikaanza kutazama bisibisi zake. Kwanza alicheka, kicheko cha kweli, nikaona meno yake kwa mara ya kwanza wiki ile. Halafu kicheko kikakatika.

"Anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia," nikasema, na wakati ule nilikuwa namaanisha.

"Usimwambie," Redio akasema. "Atakufa na hilo. Mimi nitarudi, yaishe."

Alirudi jioni ile ile na godoro lake kichwani. Alimkumbatia Mama, akamwambia amefikiri sana, ameona alifanya kwa mapenzi, yamekwisha. Mama alilia, akampapasa uso wote, akafika kwenye sikio bovu akalishika. Niliwatazama kutoka mlango wa jikoni. Nilifurahi, kwa Mungu nilifurahi, na pia nilimwonea wivu mdogo wangu kwa kuwa alikuwa anashikwa usoni na mikono ile bila kuwa na la kuficha.

Baada ya kula nilikuwa kwenye ujia wa jikoni naosha vyombo. Redio akaja, akaniinamia sikioni kama mtu mwenye siri, akaninong'oneza.

Nimeshasema anavyonong'ona.

"Asante dada kwa kuipa Birika kura ya Mama," akasema, na nyumba yetu haina hata dari.

Nilimziba mdomo kwa mkono wenye povu. Alishangaa, yeye alijua amesema kwa siri. Kule ukumbini kiti cha Mama, ambacho huwa kinalia kila anapojitingisha, kilinyamaza kabisa. Redio alienda kulala anapiga mluzi.

Nikajifuta mikono, nikaenda. Mama alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti.

"Mlikuwa mnasema nini?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayekufungulia mlango na kusimama kando upite.

Mimi najisifu kwamba sina woga. Nimegombana na wateja wenye vyeo, nimemfukuza mtoza ushuru kwa ndoo ya maji. Na jambo la kweli lilikuwa fupi sana, maneno matatu manne tu.

"Ananiambia sabuni imekwisha," nikasema.

Mama alininyooshea mkono. "Sawa," akasema. "Nipeleke nikalale."

Nilimpeleka. Alinishika mkono vile vile kama kila siku, nami nikajidanganya kwamba pengine hakusikia, pengine uzee, pengine alikuwa anasinzia. Nilijua amesikia. Mtu asiyeona anasikia mpaka sindano ikidondoka zuliani.

Asubuhi ilikuwa zamu ya dawa mpya. Daktari alikuwa amembadilishia vidonge vya presha, na nilikuwa nimevichukua duka la dawa juzi yake. Nilisoma maandishi ya pakiti, nikamwekea kidonge kiganjani, nikampa na maji.

"Hiki ni kipya," nikamwambia. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula."

Hakukitia mdomoni. Alikifumbata.

"Redio hajatoka?"

"Hajatoka."

"Mwite."

Redio alikuja kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Mama akamwomba pakiti aisome. Redio alinitazama, akatazama pakiti, akanitazama tena.

"Si dada ameshakusomea?"

"Ameshanisomea," Mama akasema. "Nisomee na wewe."

Akasoma kwa ile sauti yake, herufi kwa herufi, jina la dawa, kisha kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akameza. Kisha akaninyooshea mimi kikombe nikioshe.